Siagi ya Kopo Kwenye Bunduki za Monsieur Pirlot

Kila asubuhi ya kazi nilianza hivi: nilivua viatu barazani, nikafungua madirisha mawili yanayotazama ziwa, nikachukua kitambaa cheupe, nikasema polepole, "Bonjour, wazee." Kisha nikaanza na namba moja.

Wazee hao walikuwa bunduki kumi na moja.

Jumatano ile niliifuta namba moja, Albini ya askari wa zamani, toka mdomoni hadi kitakoni. Nikageuza kitambaa ili nihamie namba mbili. Kitambaa kilikuwa chekundu kama tofali.

Nikafuta tena. Chekundu tena.

Nikakimbilia namba mbili, tatu, nne. Nilipofika ya tisa nikaketi sakafuni.

Kwa wewe unayenisoma leo mara ya kwanza, nisikuache njiani. Jina langu ni Euphrasie. Nilisoma kwa masista, nikatoka na diploma ya ualimu na mwandiko ambao watu huusifu. Siku yangu ya kwanza darasani watoto arobaini na wawili waliniamkia kwa pamoja. Nikafungua kinywa kuwajibu, sauti haikutoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nililia, na watoto wakalia kwa kunihurumia.

Masista wakaona heri nipate kazi isiyohitaji kusema. Ndipo nilipofika Muhumba, mtaa wa hapa Bukavu, kwa Monsieur Pirlot, mpimaji wa ardhi aliyestaafu, ambaye hukusanya bunduki za vita za karne iliyopita. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia kadi. Bunduki moja, kadi moja: nchi, kiwanda, mwaka, na alama zilizopigwa kwenye chuma. Hapo nilikuwa hodari. Bunduki haziamkii mtu kwa pamoja.

Basi Monsieur alikuwa amekwenda Usumbura kwa siku kumi na mbili. Kabla ya kupanda gari aliniambia jambo moja tu: "Kitambaa kikavu, Euphrasie. Kitambaa kikavu, si kitu kingine."

Nilimtii siku mbili nzima.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, hewa ya ziwa ikajaa chumbani, nikaona bunduki zile zimepauka kama miguu ya mtoto ambaye mama yake amesafiri. Nikazionea huruma. Hapo ndipo kosa lilipoanza, nami naliandika hapa nilikiri mbele ya watu wengi, kwa kuwa kulikiri mbele ya mtu mmoja kulikaribia kunishinda.

Kwetu kijijini, huko Walungu, nyanya yangu Cibalonza hupaka siagi kila kitu anachokipenda. Hupaka wajukuu, hupaka ngozi ya kulalia, hupaka mkuki wa marehemu babu kila mwezi mpya. Mkuki ule ni mkubwa kuliko baba yangu kwa umri, na haujui kutu ni nini.

Nikatwaa siagi, nikawapaka wazee. Iliniishia kwenye namba tisa. Kisha nikawaacha wainywe, bila kuwafuta, mpaka Jumatano ile.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo pale sakafuni, kitambaa chekundu mapajani, aliponikuta Papa Barthélemy, mpishi wa nyumba.

"Euphrasie, unakaa chini kwa nini? Nani amekufa?"

Nikamwonyesha kitambaa.

Akakinusa. Akaiendea Albini, akapitisha kidole kwenye mtutu, akakitia kidole mdomoni. Watu wa jikoni ndivyo walivyo, hata msiba huuonja.

"Hii iko siagi."

"Ndiyo, Papa. Niliwapaka. Kama anavyofanya nyanya."

"Siagi gani?"

"Ile ya kopo. Uliniambia imebaki kidogo, nichukue."

"Mi nilijua unaenda kula na mukate!" Akashika kichwa. "Mutoto yangu, siagi ya kopo iko na munyu! Wazungu wanatiaka munyu juu isioze mu safari ya kutoka Ulaya. Koko, nyanya yako, anaitoa mu kibuyu, haina munyu hata kidogo. Weye umetia bunduki ya Monsieur mu munyu siku nane. Munyu na chuma, unajua vile vinafanyaka?"

Sasa nilijua: chumvi hula chuma.

"Masista hawakukufundisha ile?"

"Walitufundisha mito ya Ubelgiji."

"Basi enda uoshe bunduki mule mu mito ya Ubelgiji," akasema. Halafu akaona machozi, akalainika. "Nyamaza, maman. Monsieur anarudi Jumamosi. Leo ni Jumatano. Isidore anakuja sasa hivi, atatafuta akili."

Aliposema Isidore, nilifuta uso haraka.

Isidore ni fundi seremala, Murega wa Shabunda, anayekaa mtaa wa Bagira. Ndiye aliyezitengeneza rafu zote za bunduki. Ana mashati matatu. La kazi ya hapa lina kiraka begani. Sijui kwa nini nayajua mambo hayo. Ninajua tu.

"Bonjour, mwalimu!" akapaza sauti toka barazani kama kawaida. "Leo darasa iko kimya!"

Kwa kawaida jibu la utani ule hunijia kesho yake, nikiwa naosha vyombo. Leo Papa Barthélemy alinijibia.

"Mwalimu wako amekaanga bunduki."

Isidore akaingia. Akatazama kutu, akatazama kopo tupu la siagi, akasikiliza habari yote. Kisha akacheka mpaka akashika mlango asianguke.

"Ulibakiza kutia kitunguu tu!"

"Isidore, usinicheke."

"Sikucheki weye. Nacheka bunduki. Imepita mu vita yote ya Ulaya, imekuja kufia mu siagi." Akapiga magoti, akakwaruza mtutu kwa ukucha. "Aka! Hii haijaingia ndani. Iko juu tu. Kwetu Shabunda mvua inapiga mwaka muzima. Kama tungekuwa tunalia juu ya kutu, tungelima lini? Papa, lete majivu, mafuta ya taa na magunzi ya mahindi. Miye niko na msasa."

"Na ninyi mutazila mbichi ama zimeiva?" akauliza Papa Barthélemy, lakini alikwisha kuelekea jikoni.

Tukasugua Jumatano yote, tukasugua Alhamisi. Mimi gunzi na majivu, Isidore msasa. Nakiri pia hili: zilikuwa siku mbili njema. Mtu aliyeinamia kazi hatazamwi usoni, na mimi nisipotazamwa usoni nina maneno mengi kuliko watu wanavyodhani.

"Hii namba tano inatoka wapi?" akaniuliza.

"Ufaransa. Ya mwaka elfu moja mia nane sitini na sita. Inaitwa Chassepot. Wafaransa waliingia nayo vitani na Wajerumani, wakashindwa."

"Iliua watu ngapi?"

"Kadi haina nafasi ya hiyo."

Akaacha kusugua. "Kadi iko na nafasi ya kiwanda."

"Ndiyo."

"Iko na nafasi ya alama kidogo-kidogo ile ya hapa kwa chuma."

"Ndiyo."

"Na ile moja mutu angependa kujua, haina."

Akaendelea kusugua. "Basi tuisafishe, ikae muzuri na zambi yake."

Ijumaa mchana tulimaliza. Bunduki tisa zilisimama kwenye rafu zimeng'aa kama vijiko vya askofu. Papa Barthélemy alijitazama kwenye mtutu wa Mauser akatengeneza nywele zake tatu zilizobaki.

"Monsieur ataona, atafikiri zimetoka kiwanda leo," akasema.

Saa kumi gari likasimama nje. Monsieur alikuwa amerudi siku moja kabla.

Sikuogopa. Nataka mjue hivyo. Nilisimama kando ya meza yangu nikitabasamu, mikono ikinuka mafuta ya taa.

Monsieur aliingia na kofia kichwani. Akatazama rafu. Akavua kofia, polepole, kama mtu aliyeingia nyumba ya matanga. Akakaa kwenye kiti changu.

"Ile rangi yake iko wapi?" akauliza. Yeye husema Kiswahili alichojifunza porini akipima mashamba, na akisikitika hukisema polepole zaidi.

"Rangi gani, Monsieur?" Isidore akauliza.

"Ile nyeusi-nyeusi. Na ile ya kahawa."

"Tumeiondosha, Monsieur!" Isidore alisema kwa fahari. "Ilikuwa uchafu."

"Uchafu." Monsieur alilirudia neno lile kama mtu anayeonja dawa. "Ile uchafu iko na miaka makumi nane. Iko jasho ya askari. Iko moshi ya vita. Ile uchafu ndiyo mi nakusanya, Isidore! Chuma safi naweza kununua mu duka ya baisikeli!"

Akaichukua Chassepot, akaipakata. Akageuza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta. Akatafuta tena. Ile alama ya kiwanda, niliyokuwa nimeichora kwenye kadi kwa kalamu nyembamba, haikuwapo. Msasa ulikuwa umeila. Akaitazama Albini, akaitazama Mauser. Zote tatu chuma tupu.

Kadi zangu nzuri sasa zilikuwa zinasema uongo.

"Nani alianza?" akauliza.

Nilifungua kinywa. Wasomaji wangu, mmekwisha kujua yaliyotokea, kwa kuwa niliwasimulia mwanzo kabisa. Watoto arobaini na wawili wakarudi wote, wakasimama mbele yangu, wakaniamkia.

Isidore alinitazama mara moja. Kisha akasogea mbele hatua moja.

"Ni miye, Monsieur. Niliona kutu, nikasugua. Mademoiselle alinikataza sana."

Alinikataza sana! Mimi, ambaye sijawahi kumkataza hata kuku asiingie jikoni.

"Lete buku yako ya kazi," akasema Monsieur.

Hapo hata Papa Barthélemy, aliyekuwa amechungulia mlangoni, akarudi nyuma. Kwetu Bukavu kila mtu anajua maana ya buku lile. Mwenye buku lililofungwa, asipopata bwana mwingine upesi, hana ruhusa ya kukaa mjini. Huitwa ofisini, hupandishwa kamyo, lori la serikali, hurudishwa kwenye teritori yake, wilaya alikozaliwa. Na Shabunda si Sange, kwamba mtu atakwenda Jumamosi kumsalimia mwenziwe arudi Jumapili. Barabara ya Shabunda humeza watu mwezi mzima wakati wa mvua.

Isidore akaliweka buku mezani, juu ya kadi zangu. Monsieur akamwambia angoje barazani.

Nilikimbilia jikoni.

"Enda useme," akasema Papa Barthélemy bila kunitazama. Alikuwa anamenya viazi kwa hasira.

"Siwezi, Papa."

"Uliweza kupaka bunduki."

"Bunduki hazikuniuliza kitu!"

Akanyoosha kisu kuelekea barazani. "Basi enda umuage. Ile haihitaji sauti."

Isidore alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la vyombo, anapiga mluzi. Nilisimama nyuma yake kitambo kabla hajajua nipo.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Weye ulikuwa umefunga mudomo, mwalimu. Mutu mumoja alipashwa kusema."

"Nilikuwa nimeanza kusema."

"Niliona. Ungemaliza wakati ya Noeli."

Nikacheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka. "Watakupandisha kamyo, Isidore!"

"Shabunda iko na miti mingi. Maman yangu atafurahi, atachinja kuku." Akachukua randa, akaigeuzageuza mkononi, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo. "Kule hakuna mutu wa kuandika kadi, lakini."

Halafu akaendelea kupiga mluzi, ila wimbo ulikuwa umempotea.

Sijui nani aliyeichukua miguu yangu. Najua tu kwamba nilijikuta mbele ya meza, na Monsieur alikuwa amevaa miwani, kalamu mkononi, buku limefunguliwa.

"Siagi ni yangu," nikasema.

"Nguvu kidogo, Euphrasie. Sisikii."

"Siagi ni yangu! Ya kopo. Yaani ni yako, Monsieur, lakini niliichukua mimi. Niliwapaka wazee, yaani bunduki, kwa sababu zilikauka na niliona huruma. Nyanya anapaka mkuki. Sikujua habari ya chumvi. Kutu ni yangu. Isidore alikuja kunisaidia tu, na hakuna mahali nilipomkataza, nilimshikia hata taa. Ameongopa. Mwandike aliyeongopa, lakini usimwandike aliyeharibu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote maishani mwangu. Ilipokwisha nilishika meza.

Monsieur aliweka kalamu. Akavua miwani.

"Siagi," akasema.

"Ndiyo, Monsieur."

"Mi nilisema kitambaa kikavu."

"Ndiyo, Monsieur."

Mdomo wake ulitikisika. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Alifuta macho kwa kidole gumba.

"Weye tutaongea Jumatatu. Utaandika kadi zote tena, na chini utaandika: *imesafishwa na siagi*. Ni kweli, na kadi inapashwa kusema kweli." Akavaa tena miwani, akachukua kalamu. "Isidore ataenda tu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Lakini nimekwambia ni mimi!"

"Nimesikia. Sitaandika neno mubaya kwa buku yake. Nitaandika: kazi imekwisha. Kazi imekwisha kweli, Euphrasie. Rafu ya mwisho alimaliza mu mwezi wa tatu. Leo ni mwezi wa sita."

"Anakuja kutengeneza..."

"Anatengeneza nini?"

Nikafikiri. Anakuja kukaza misumari. Kila juma msumari mmoja hulegea.

Monsieur akanyoosha kalamu kwenye rafu iliyo kando ya meza yangu. "Niko na rafu sita. Moja tu inalegea, hii ya karibu na weye. Miezi tatu, kila Jumatano, musumari mumoja. Nilikuwa nasema, huyu Isidore iko fundi mubaya. Leo, vile amesimama mbele yako, naona nilikosea. Iko fundi muzuri sana."

Damu ilinipanda usoni mpaka masikio yakaniwasha. Miezi mitatu! Na mimi nilikuwa nimemwonea huruma kwa misumari mibaya, hata nilifikiri kumnunulia mingine kwa zawadi.

"Mi niko muzee," akaendelea Monsieur, "siwezi kulipa mutu juu ya musumari mumoja. Bunduki zangu hazihitaji rafu. Sasa hazihitaji hata macho. Kalamu iko hapa. Unipe sababu moja ya kumubakisha mutu huyu mu Bukavu, sababu moja tu, naweza kuweka buku hii mu mutoto wa meza mpaka mwaka ujao. Lakini usiniambie siagi. Siagi nimekwisha kusamehe."

Barazani mluzi ulikuwa umenyamaza. Sanduku la vyombo likalia, kama mtu aliyekuwa amelikalia amesimama. Kisha nikaona viatu vyake kwenye kizingiti, vya ngozi nyeusi, kamba moja imeunganishwa kwa uzi wa katani. Havikusogea. Jikoni nako kisu cha Papa Barthélemy kilikuwa kimeacha viazi.

Watu watatu walikuwa wananingoja niseme. Arobaini na wawili walinishinda. Nikahesabu, hawa ni watatu tu.

Nilitaka kusema kwamba yeye ni fundi hodari. Nilitaka kusema kwamba madirisha yanapitisha mvua, kwamba mlango wa jikoni umepinda, kwamba karani wa Monsieur anahitaji kiti kipya. Sababu zote hizo zilikuja, zikapanga foleni, na zote zilikuwa na adabu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Monsieur akachovya kalamu kwenye wino.

Nikamgeuzia mgongo, jambo ambalo masista wasingenisamehe. Nikavitazama vile viatu, nikapandisha macho hadi kwenye kiraka cha begani, hadi usoni. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani.

Na ile sauti iliyotafutwa na shule nzima ikatoka, kubwa, hadi mbwa wa jirani wakabweka.

"Isidore, usiende Shabunda! Ninakupenda, na sina nguvu ya kulisema mara ya pili."